Sindano Isiyo na Dawa

Madai yalirudi yote. Si nusu, si robo, yote. Mama Pacha alifungua kompyuta ya zahanati akiwa bado na glavu mkono mmoja, akitegemea kuona alama ya kijani ya malipo yaliyokubaliwa, akakuta ukurasa mzima umekuwa mwekundu kama macho ya mlevi. Kila mwenye kadi ya bima aliyemchoma chanjo ya mafua tangu janga liingie mjini ameandikiwa maneno yale yale: "Huduma haijakamilika. Sindano bila dawa." Na chini kabisa, mahali pa aliyehakiki, palikuwa na jina la mume wake.

"Sindano bila dawa!" alisema kwa nguvu, peke yake. "Kwani nilikuwa nawachoma hewa?"

Daktari, mwenye zahanati, alichungulia kutoka chumba cha pili. "Kodi zimekataa tena?"

"Zimekataa zote."

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kupimwa presha aliinua kichwa. "Mwanangu, hata sindano sasa inalipiwa kodi? Mimi kodi ya nyumba tu imenishinda."

Siku nyingine Mama Pacha angecheka hadi ashike ukuta. Siku hiyo hakuwa na mbavu za kuchekea.

Zahanati yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, na Mama Pacha ndiye aliyekuwa muuguzi wake asubuhi na karani wake mchana. Asubuhi anachoma, mchana anaketi kuandika alichochoma ili mfuko wa bima ulipe. Kila huduma ina namba yake. Watu wa bima huziita misimbo, watu wa zahanati huziita kodi. Kuna namba ya dawa iliyomo ndani ya sindano, na kuna namba ya kazi ya kuchoma. Miaka yote zahanati ilinunua chanjo yenyewe, ikadai zote mbili, mambo yakaenda. Safari hii, kwa sababu ya janga, serikali ilileta dawa bure na kupiga marufuku mtu yeyote kuidai. Kilichoruhusiwa kudaiwa ni kazi tu: bomba, pamba, na mkono wa muuguzi. Mama Pacha akafuata kama alivyoelekezwa. Akaacha namba ya dawa, akaandika ya kuchoma. Sasa mashine ya bima inamwona kichaa, anatoboa watu mabega bila kuwatilia kitu.

Mume wake alikuwa mhakiki wa madai katika huo mfuko wa bima. Kwenye zahanati za mji mzima alijulikana kama Bwana Nukta, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kurudisha dai la mtu aliyekatwa mguu kwa kosa la nukta. Mama Pacha alikuwa hata analipenda jina hilo. Aliwaambia wenzake, "Nyinyi mnakutana naye kwenye karatasi tu, mimi ananipangia hadi vikombe kabatini." Walicheka wote. Lakini hiyo ilikuwa zamani, kabla ya mafua.

Jioni hiyo alimsubiri ale kwanza. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa meza akiwamenyea pacha machungwa, na pacha wenyewe, wasichana wawili wa darasa la pili, walikuwa wakigombania ganda refu zaidi.

"Baba Pacha," alisema, "umenirudishia madai."

"Sijakurudishia wewe. Nimeirudishia zahanati."

"Zahanati ni nani? Ni mimi, Daktari, na yule mama wa usafi. Mama wa usafi hachomi watu."

Baba Pacha alipangusa mdomo taratibu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa unachoma zaidi. "Mashine haikubali namba ya kuchoma ikiwa peke yake. Lazima iambatane na ya dawa. Ndivyo ilivyopangwa tangu zamani."

"Basi niandike na ya dawa."

"Ukiiandika na bei yake, umedai dawa ya bure. Huo ni wizi. Watakuja na pingu."

"Niandike na bei ya sifuri."

"Mashine haikubali sifuri."

Mama Pacha alimtazama. "Kwa hiyo nikiiacha, nimekosea. Nikiiandika, ni mwizi. Nikiandika sifuri, mashine inanitemea mate. Wewe ungefanyaje?"

"Ningesubiri waraka. Wakubwa wanajua tatizo. Nimeshamwambia meneja."

"Umemwambia lini?"

"Nimemwambia. Amesema tusubiri."

"Na wewe ukasubiri! Hukuweza hata kuyaweka ya kwetu pembeni, mpaka huo waraka uje? Ulikuwa lazima uyapige nyekundu?"

"Hasa ya kwenu ndiyo ningeyaweka pembeni?" Sasa na yeye sauti ilipanda. "Watu wangesema nini? Kila mtu ofisini anajua mke wangu yuko pale. Ya kwenu ndiyo niliyoyashughulikia mwanzo kabisa, asije mtu akaninyooshea kidole. Na nimeshakuomba mara ngapi, Mama Pacha, kazi isiletwe nyumbani?"

Pacha waliacha ganda. Mama mkwe alisema, "Jamani, watoto wanakula," na yakaishia hapo. Mama Pacha aliosha vyombo siku hiyo kwa kishindo ambacho jirani wa ukuta wa pili alikisikia.

Wiki iliyofuata Daktari alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Mabomba ya sindano ananunua mwenyewe, pamba mwenyewe, umeme wa friji mwenyewe, na bima hairudishi kitu.

"Wenye kadi tuwasimamishe kwanza," alisema. "Wasio na kadi waendelee kulipa mkononi kile kidogo cha kazi ya kuchoma."

"Na mwenye kadi akitaka kulipa mkononi?"

"Unajua haiwezekani. Bima wakisikia tumechukua pesa mkononi kwa mwanachama wao, wanatufuta. Halafu hata wa presha na kisukari tutawapeleka wapi?"

Ndivyo mambo yalivyogeuka juu chini. Mtu asiye na bima aliingia, akatoa alichonacho, akachomwa, akaondoka akijishika bega. Mtu aliyekatwa bima kila mwezi bila kukosa aliambiwa arudi wiki ijayo. Na aliyekuwa akiwaambia ni Mama Pacha, kwa mdomo wake, huku vichupa vya dawa vimejipanga kwenye friji nyuma yake kama askari wasio na kazi.

Katika walioambiwa hivyo alikuwemo Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji, amepanga chumba cha barabarani mkabala na zahanati. Ukisimama kwenye mlango wa chumba cha sindano ulisikia cherehani yake ikikimbia. Alikuwa na mimba iliyofika miezi saba, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kusubiri, na tumbo lilikuwa limemtangulia hivi kwamba alishona akiwa ameketi upande. Bima yake aliipata kupitia chama cha mafundi, na kadi aliitunza kuliko pete ya ndoa. Wajawazito walikuwa wa kwanza kwenye mwongozo wa chanjo, kwa sababu mafua yale yakimpata mjamzito hayana mzaha.

Mara ya kwanza alikuja akicheka. "Sista, nichome haraka nirudi. Huyu aliyemo humu anakanyaga pedali kuliko mimi."

Mama Pacha akamweleza. Fundi akamsikiliza, mkono kiunoni.

"Kwa hiyo nikiwa sina kadi, ungenichoma?"

"Ningekuchoma."

"Basi jifanye hujaiona!"

"Umeandikwa kwenye mashine, dada. Nikiingiza jina lako tu inajua wewe ni mwanachama. Nipe wiki moja. Wanasema waraka uko njiani."

Aliporudi mara ya pili hakucheka. Alikohoa mlangoni, akasema ni vumbi la vitambaa. Mama Pacha alikwenda moja kwa moja kwa Daktari, akafunga mlango. "Huyu tumchome hata bure. Bomba nitalinunua mimi."

"Bomba si hoja. Kila kichupa kinahesabiwa, na kila anayechomwa lazima aingizwe. Nikimchoma mwanachama mmoja nje ya bima, nimekiri naweza kuwachoma wote. Kesho barabara nzima iko hapa na kadi mkononi." Daktari alivua miwani, akasugua macho. "Mpe wiki moja. Moja tu. Mumeo si yuko huko huko? Msukume."

Alimsukuma. Mume akasema, "Wiki hii nadhani utatoka."

Fundi hakufikisha wiki. Siku moja asubuhi cherehani haikusikika, na kufikia mchana shemeji yake alikuwa amekuja zahanati mbio kuomba gari. Homa ilikuwa imempanda na pumzi zimekuwa fupi. Walimpeleka hospitali kubwa, wakamwekea mashine ya hewa, na katika zile siku za kupigania pumzi mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa wa kiume. Alilia kidogo, wakasema waliokuwepo. Jioni hakuwepo.

Waliporuhusu watu kumwona, Mama Pacha alikwenda. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na njia nzima aliomba atukanwe. Fundi alikuwa amelala ubavu, midomo imepasuka, pochi yake ndogo ya kitambaa cha mabaki iko kando ya mto. Alimtazama muuguzi.

"Kadi ilikuwa humu, Sista," alisema, akiigusa ile pochi kwa kidole. "Muda wote ilikuwa humu."

Akageukia ukutani.

Mama Pacha hakurudi zahanati. Hakwenda nyumbani pia. Miguu ilimpeleka yenyewe, na sare yake ya uuguzi, hadi jengo la mfuko wa bima, lile lenye vioo vya buluu na ngazi zinazong'aa. Mlinzi akamwuliza anamtaka nani. Angeweza kusema ni mke wa fulani, akapitishwa mlango wa nyuma kama siku zote anapopeleka funguo. Hakusema. "Nina malalamiko ya madai," alisema. Mlinzi akampa kikaratasi cha foleni na kumwonyesha viti.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwepo makarani wa zahanati nyingine, mwenye duka la dawa, sista mmoja mzee wa kituo cha wazazi, na wote walikuwa na ile ile karatasi nyekundu mapajani. Mama Pacha aliketi. Alihisi hasira ikimpanda kutoka kwenye magoti, polepole, kama maji yanayojaa ndoo. Kipaza sauti kilipoita namba yake na dirisha, alisimama, na nyuma ya kioo alikuwa mume wake, tai imenyooka, kalamu imesimama mfukoni.

Baba Pacha alishtuka. Akainama kwenye kile kitundu cha kioo, akanong'ona, "Kuna nini? Watoto?"

"Watoto wako shule, salama. Nimeleta malalamiko."

"Mama Pacha, tafadhali. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ulinikataza nisilete kazi. Haya, nimeileta kazini kwako."

Kiti cha nyuma kikalia. Mtu alikuwa ameacha kusinzia.

"Shikamoo, Mheshimiwa mhakiki," aliendelea, na sasa hakuwa ananong'ona. "Mimi ni muuguzi. Nina friji imejaa dawa ya mafua. Mlangoni kwangu kulikuwa na mama mjamzito mwenye kadi yenu, aliyokuwa akiilipia kwa kushona suruali za watu usiku na mchana. Nimemrudisha mara mbili. Mara mbili, Mheshimiwa! Kwa sababu mashine yenu haijui kuandika sifuri. Leo nimetoka kumwona. Mtoto amezikwa. Sasa nataka uniambie, hilo nalo lina namba gani? Ili nilijaze vizuri, lisije likarudi."

Baba Pacha alisogea karibu na kioo.

"Fundi?" alisema. "Fundi yule wa sare za watoto?"

"Kumbe unamjua! Ulipokuwa unapiga nyekundu hukumjua?"

"Yeye hakuwa kwenye madai..."

"Hakuwemo kwa sababu hakuchomwa! Hakuchomwa kwa sababu ya waliochomwa kabla yake, ambao madai yao uliyarudisha wewe! Na ukaanza na wa kwangu, ili uonekane msafi!"

Sauti yake ilipasuka, akapiga kioo kwa kiganja. Mlinzi akaja mbio, kisha akasimama katikati ya ukumbi, kwa sababu sista mzee wa kituo cha wazazi alikuwa naye amesimama. "Na mimi nimewarudisha wajawazito," alisema. "Sijui hali zao. Naogopa kwenda kuuliza." Mwenye duka la dawa akasimama. Karani mmoja akaanza kugonga karatasi yake nyekundu kwenye kiti, na mwingine akamfuata.

Meneja alitoka na koti lake, mikono mbele kama anatuliza ng'ombe. "Ndugu zangu, ndugu zangu. Tatizo linafahamika. Waraka uko njiani."

"Njia gani hiyo?" Mama Pacha alimgeukia. "Inapitia wapi? Twambie tukaupokee! Maana mafua yamekuja na kuondoka na watu, waraka bado unatembea!"

"Mama, ukipunguza jazba tutaelewana."

"Sipunguzi! Nimeipunguza wiki zote hizi, nikawa naitumia kuwaambia watu warudi kesho. Leo utaichukua yote!"

Meneja akamtazama Baba Pacha kwenye kioo. "Huyu si mkeo? Mtoe."

Ukumbi mzima ukamtazama. Baba Pacha alisimama. Alishika kalamu yake, akaiweka mezani, akaishika tena. Halafu akaketi. Hakumtoa mkewe, na wala hakusema neno la kumtetea. Aliketi tu akitazama kibodi. Mlinzi ndiye aliyemshika Mama Pacha mkono, kwa adabu, akimwambia chini chini, "Twende mama, umeshasema, umeshasema." Akatolewa nje kwenye jua. Lakini waliobaki walikataa kuondoka. Walikaa ukumbini humo hadi jengo lilipofungwa, na kesho yake wakarudi, wameongezeka.

Nyumbani kukawa kimya. Mama Pacha alimpikia mume, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, na hakumsemesha. Mama mkwe alijaribu kupatanisha. "Mwanangu ni mkaidi, lakini hana roho mbaya," alisema. Mama Pacha akajibu, "Najua, mama. Angekuwa na roho mbaya ningejua pa kuanzia."

Siku chache baadaye, mchana, Baba Pacha alirudi mapema, tai mfukoni. Mama Pacha alikuwa uani akianika nguo. Mumewe alisimama karibu naye, uso una nuru kidogo, kama mtu aliyebeba zawadi.

"Wamerekebisha," alisema. "Mashine sasa inapokea sifuri. Nimekwenda kwa meneja mwenyewe leo asubuhi, nikamwambia sirudishi dai jingine hata anifukuze. Akampigia fundi wa mitambo. Yote uliyotuma yatapita, kuanzia kesho." Alipoona hajibiwi, akaongeza ili kumfurahisha: "Wala haikuwa kazi kubwa. Kijana alifungua, akaondoa alama moja, akafunga. Nusu saa haikufika."

Shuka lilimponyoka Mama Pacha, likaanguka kwenye mchanga.

"Nusu saa," alisema.

"Haikufika."

"Baba Pacha." Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa chini hivi kwamba ilibidi mume ainame. "Siku ile nilipokuuliza mezani, ungekwenda kesho yake ukasema hayo uliyosema leo, ingekuwa nusu saa."

Nuru ikamtoka usoni. Mtu angeona dhahiri kwamba hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amepiga hesabu zote isipokuwa hiyo. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti.

"Nilidhani nafanya haki," alisema.

"Ulikuwa unajilinda."

"Nifanye nini sasa?"

"Fundi ametoka hospitali. Nenda ukamwambie wewe ni nani. Usiniambie mimi, mimi nakujua. Kamwambie yeye."

Walikwenda pamoja siku hiyo hiyo, Mama Pacha akiwa hatua kadhaa mbele. Fundi alikuwa kwenye kiti chake chumbani, amekonda, kitambaa cha mtu kiko kwenye cherehani lakini miguu haikanyagi. Alipowaona alijaribu kuinuka.

"Kaa, kaa," Baba Pacha alisema. Yeye hakukaa. Alisimama mlangoni akaeleza, bila kupamba: kwamba ni yeye aliyekuwa akirudisha yale madai, kwamba alijua kuwa kosa ni la mashine, kwamba aliambiwa asubiri naye akasubiri, na kwamba halikuwa jambo la kusubiri. Sauti ilimkauka mara mbili, na hakuna aliyempa maji.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Shemeji," alisema, "sare za wanao nilizishona mimi."

"Najua."

"Ulikuja kuzichukua mwenyewe. Ukazikagua kila mshono. Ukaniambia kifungo kimoja kimelegea, nikakaza ukiwa umesimama hapo hapo."

"Nakumbuka."

"Ungenikagua na mimi siku ile." Aligeuka kwenye cherehani yake. "Nimekusikia. Haya, nendeni, nina kazi za watu."

Walirudi kwa miguu, barabara ile ile, safari hii bega kwa bega kwa sababu kulikuwa na mifereji na njia ilikuwa nyembamba. Karibu na nyumbani Baba Pacha aliuliza, "Unadhani atanisamehe?"

"Sijui. Nadhani hapana."

"Na wewe?"

Mama Pacha alifikiri. Ile hasira alikuwa bado nayo, nzima, haijapungua hata chembe, na alishaanza kuona kwamba ataishi nayo kama watu wanavyoishi na mgongo mbovu.

"Mimi nimeolewa nawe, hilo ni jambo jingine," alisema. "Kesho mlete mama yako zahanati saa mbili achanjwe, umri wake haumruhusu kusubiri zaidi. Na wewe uje na kadi yako, ukae kwenye benchi kama watu."